KUKAA KIMYA SI KUKUBALI

Ndugu wafanyakazi,

Hapa Arua na Koboko tumeliona jambo hili mara nyingi. Msimamizi anawakusanya watu, anasoma masharti mapya ya kazi, kisha anauliza kama kuna mwenye neno. Vijana wanainamisha macho. Msimamizi anaandika kwamba wote wamekubali.

Wako wasemao kuwa watu wa West Nile wameumbwa hivyo, wana nguvu za mikono lakini hawana maneno. Huo ni uongo wa zamani. Serikali ya kikoloni iliifanya West Nile kuwa mahali pa kupata vibarua, na vijana wetu wakaenda kukata miwa Lugazi na Kakira. Aliyetakiwa kwa ajili ya panga akahesabiwa hana kichwa.

Ukweli ni kwamba tabia hii hutoka katika malezi, haitoki katika damu. Walugbara huwaita wazee wa ukoo 'ba wara, yaani watu wakubwa. Mtaalamu John Middleton, aliyekaa kwao kuanzia mwaka 1949, alieleza katika kitabu chake cha 1960 kwamba hasira ya mzee aliyevunjiwa heshima, iitwayo ole, iliaminiwa kuwaamsha wafu wa ukoo wamletee ugonjwa mkosaji. Mtoto aliyelelewa katika imani hiyo hujifunza kunyamaza mbele ya mkubwa. Nyumbani hiyo ni adabu. Kazini mwajiri huigeuza kuwa sahihi ya mkataba.

Wala si sisi peke yetu tunaoongozwa na malezi. Mwaka 1966 wataalamu watatu wa Marekani walitoa matokeo ya uchunguzi wao. Watu wa nchi mbalimbali, wakiwemo Wanyankole na Watoro wa Uganda, walionyeshwa mistari miwili yenye vishale kwenye ncha. Vishale humdanganya mtazamaji, akaona mstari mmoja ni mrefu kuliko mwenzake. Wamarekani walidanganyika sana. Wachimba migodi Waafrika wa Afrika Kusini walidanganyika kidogo sana. Basi ikiwa hata jicho hufuata mazingira ya mtu, ulimi je?

Kwa hiyo tusiitupe heshima yetu, bali tuitafutie njia. Kila tawi lifanye hivi:

1. Kabla ya mkutano na mwajiri, vijana wakae peke yao, na akina mama peke yao, waseme yao.
2. Katika mkutano wetu wazee waseme mwisho.
3. Mjumbe mmoja apeleke neno la wote, ili lisiwe la kijana mmoja mkaidi.
4. Masharti yaelezwe kwa Kilugbara au Kikakwa, na mtu asitie sahihi siku hiyo hiyo.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Lakini mshahara ukishapunguzwa, mshindo hauurudishi upesi. Tuseme mapema, na tuseme pamoja.