Nairobi au Dubai: Kijana wa Kompyuta Aende Wapi?

Wazee wetu wa Pwani walinena, “Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.” Methali hii ya mabaharia imenijia mara nyingi siku hizi, kwani haipiti wiki nisikutane na mzazi wa kijana aliyesomea kompyuta, naye huniuliza swali moja: mwanangu apande bara Nairobi, ama avuke bahari aende Dubai?

Ajabu ni kwamba intaneti yenyewe huingilia kwetu. Mwaka 2009 waya mkubwa uitwao TEAMS ulilazwa chini ya bahari kutoka Fujairah, katika Falme za Kiarabu, hadi Mombasa, mwendo wa kama kilomita 5,000. Bahari hiyo ndiyo waliyokuwa wakiikata manahodha wa majahazi kwa pepo za kaskazi. Lakini bidhaa hii mpya, mfano wa shehena za bandarini, haikai sana hapa. Hupanda bara, na kazi zikaifuata huko.

Sifa ya Nairobi ni kwamba ni karakana. M-Pesa ilianza mwaka 2007. Mwaka 2010 ikafunguliwa iHub, mahali pa vijana kukutana na kufundishana. Microsoft ikaweka kituo chake cha kutengeneza programu mwaka 2019, na Google ikatangaza chake mwaka 2022. Maana yake ni kuwa kijana akikosana na mwajiri mmoja, hubisha mlango wa pili katika mji huo huo. Lakini serikali haisahau fungu lake: kodi ya mshahara hupanda kwa ngazi hadi asilimia 35 kwa wenye kipato kikubwa, na bado kuna makato ya nyumba na ya afya.

Dubai nayo iliyafungulia makampuni haya mtaa mzima, Dubai Internet City, mwaka 2000. Mshahara haukatwi kodi ya mapato, na adhana husikika kila upande. Hata hivyo, ukaazi wa mgeni aghalabu hufungamana na kazi yake. Kazi ikikatika, huhesabiwa siku apate mwajiri mwengine au afunge virago. Kodi ya nyumba mara nyingi hutakiwa kwa hundi ya miezi mingi kwa mpigo. Na malipo ya kumaliza kazi hupigwa kwa mshahara wa msingi tu, siku 21 kwa kila mwaka katika miaka 5 ya kwanza. Basi, ndugu msomaji, barua ya kazi ikija usikimbilie jumla iliyo chini. Tafuta mshahara wa msingi ni kiasi gani, na posho ni kiasi gani.

Mpwa wangu alipata barua mbili mwezi mmoja, na ile ya Dubai ilikuwa karibu mara mbili ya ile ya Nairobi. Mamake, dada yangu, ni mjane, tena ana maradhi ya sukari. Kijana akaniuliza, “Mjomba, je, nikiwa mbali nikaambiwa mama hayuko?”

Hesabu za kodi hazilijibu swali hilo. Sisi Waislamu hatumcheleweshi maiti. Aliyefariki asubuhi, aghalabu alasiri tumeshamzika. Kutoka Nairobi, gari la moshi lililoanza mwaka 2017 huchukua kama saa 5, na ndege kama saa 1. Mwana huwahi kulishika jeneza. Aliyeko Dubai, ndege peke yake ni zaidi ya saa 5, na bado hajapata ruhusa wala tikiti. Mara nyingi huwahi khitma.

Nilimwendea dada yangu. Akanambia, “Kaka, usimfunge mwanangu kwa kamba ya maradhi yangu. Ajali ni ya Mwenyezi Mungu. Wewe mpimie kazi.”

Nikampimia kazi. Ile ya Dubai ilikuwa kulinda mitambo iliyojengwa na wengine. Ile ya Nairobi ilikuwa kujenga, tena pamoja na mabingwa. Mtunzi wa mashairi hujifunza kwa kukaa na malenga, na mtunzi wa programu ni vivyo hivyo. Kwa aliyekwisha kuiva, Dubai ni soko zuri. Kwa anayeanza, aanze karakanani. Dubai haihami, naye ataiendea siku ambayo ujuzi wake utamwezesha kutoa masharti. Kijana alikubali Nairobi, ingawa najua huzihesabu dirhamu alizoziacha.

Kwake na kwa wenzake natoa beti hii:

Mwanangu wenda mjini, pima kwanza hiyo njia,
Fedha ni mgeni ndani, huja kisha hukimbia,
Uliza ni kazi gani, ujuzi wa kubakia,
Na mama yuko nyumbani, njia akuangalia.