Nani analipwa "Body and Soul" inaporekodiwa upya?

Johnny Green alikuwa hajatimiza miaka 22 alipotoa muziki wa "Body and Soul" mwaka 1930. Maneno yaliandikwa na Edward Heyman, Robert Sour na Frank Eyton, na mlengwa alikuwa mwigizaji wa Uingereza, Gertrude Lawrence. Kabla mwaka huo haujaisha, Louis Armstrong alikwisha kuurekodi. Akafuata Benny Goodman mwaka 1935, Billie Holiday 1940, John Coltrane 1960, Esperanza Spalding kwa Kihispania 2008, kisha Tony Bennett na Amy Winehouse mwaka 2011, miezi michache kabla Winehouse hajafariki. Hao ni wachache tu. Ni miongoni mwa nyimbo zilizorekodiwa mara nyingi kupita zote katika jazi, na kwa mtu wa uchumi swali la kuuliza ni moja: kila toleo jipya linapotoka, fedha zinaelekea wapi? Kwa miongo mingi zimeelekea kwa wenye melodi na maneno. Aliyeupa wimbo huu thamani yake ya kudumu amepitwa kando, na sheria ndiyo iliyoamua iwe hivyo.

Biashara hii ilijengwa juu ya Sheria ya Hakimiliki ya Marekani ya mwaka 1909. Ilisema kwamba mtunzi akisharuhusu wimbo wake urekodiwe mara ya kwanza, mtu mwingine yeyote anaweza kuurekodi bila kumwomba, mradi alipe senti 2 kwa kila nakala. Kiwango hicho hakikubadilika hadi mwaka 1978. Mwaka 2023 kilifikia senti 12. Kwa senti 2, sahani 100,000 za santuri zilimaanisha dola 2,000 kwa upande wa utunzi, ilhali gharama za studio, wapigaji na sahani zilizobaki bila kununuliwa zilikuwa mzigo wa kampuni ya kurekodi. Ndiyo maana wachapishaji wa muziki wa New York waliajiri watu wa kuwazungukia viongozi wa bendi na kuwasihi waupige wimbo fulani: kila bendi iliyokubali iliongeza chanzo kingine cha mapato ambacho mchapishaji hakukigharamia. Wimbo ukipigwa redioni au ukumbini, ASCAP, chama kilichoundwa mwaka 1914, kilidai malipo kwa niaba ya watunzi na wachapishaji. Mpigaji hakuwa na haki ya namna hiyo. Mwaka 1940, katika kesi ya RCA na kiongozi wa bendi Paul Whiteman, mahakama ya rufaa huko New York iliamua kwamba sahani ikishauzwa, kituo cha redio kinaweza kuipiga bila kumlipa msanii wala kampuni. Hadi leo redio za kawaida za Marekani hazimlipi mpigaji hata senti.

Tuiangalie sasa rekodi yenyewe iliyobadilisha historia ya wimbo huu. Tarehe 11 Oktoba 1939, mpiga saksafoni Coleman Hawkins, aliyekuwa amerudi karibuni kutoka Ulaya alikokaa miaka mitano, aliingia studio New York kurekodi kwa ajili ya Bluebird, lebo ya bei nafuu ya RCA Victor. Piano inafungua kwa muda mfupi tu, kisha saksafoni yake ya tenor inaingia. Katika mistari ya mwanzo Hawkins anaigusa melodi ya Green kwa mbali, halafu anaiacha na harudi tena. Anauzunguka wimbo mara mbili nzima, papo kwa papo, akipanda hatua kwa hatua huku bendi ikimshikia sauti nyuma yake, na dakika tatu zinakwisha bila mtu kuimba neno lolote. Ilikuwa rekodi ya kupima uvumilivu wa mnunuzi, na bado iliuzika vizuri kiasi cha kuwashangaza walioirekodi wenyewe. Kuanzia hapo kila mpiga saksafoni aliyeugusa wimbo huu alijua anapimwa na Hawkins. Mwaka 1979 kundi la Manhattan Transfer lilifika hatua ya kuiimba solo hiyo noti kwa noti, kwa maneno yaliyoandikwa na Eddie Jefferson. Kitu kinachoweza kuwekewa maneno na kuimbwa na watu wengine ni utunzi, hata kama hakikuandikwa karatasini kabla ya kupigwa.

Mtetezi wa mfumo huu atajibu kwamba bila Green, Hawkins hangekuwa na pa kusimama. Ni kweli. "Body and Soul" ina mfuatano wa akodi wa kipekee. Sehemu yake ya katikati inapanda nusu sauti kisha inashuka, na mpigaji asiyejua njia anapotea. Hawkins alipiga juu ya akodi hizo. Lakini hapa ndipo hoja inapojipinga yenyewe, maana akodi ndizo ambazo biashara ilizihesabu kuwa si mali ya mtu. Wanamuziki wa bibapu, mtindo mpya wa jazi wakati huo, walilijua hilo vizuri. Tarehe 26 Novemba 1945, mpiga saksafoni Charlie Parker alikuwa akiirekodia lebo ya Savoy. Jaribio la kwanza linakatizwa mara tu melodi ya "Cherokee" ya Ray Noble inapoanza. Toleo lililotoka, "Ko-Ko", limebaki na akodi zilezile bila melodi hiyo, na mirabaha ya Noble ikaepukwa. Kama akodi ni za wote, basi kila nakala ya Hawkins ilimlipa Green kwa ajili ya melodi ambayo Hawkins karibu hakuipiga, na solo yenyewe haikuhesabiwa kuwa utunzi. Simwonei Green gere. Wimbo ni wake na alistahili malipo. Tatizo ni kipimo kinachoona upande mmoja tu wa kazi.

Pingamizi la pili ni kwamba Hawkins alilipwa kwa umaarufu: maonyesho, mikataba, jina. Umaarufu ulimsaidia, hakuna ubishi, ila kipato cha maonyesho hudumu kadiri mwili unavyodumu. Hawkins alifariki mwaka 1969. Mirabaha ya utunzi iliendelea kuingia miaka mingi baada ya hapo. La tatu lina uzito zaidi: kila mpigaji akipewa hakimiliki ya solo yake, nani atathubutu kupiga baada yake? Coltrane angelazimika kuomba ruhusa, na hazina hii ya matoleo isingekuwepo. Nakubaliana nalo kabisa. Leseni ya lazima ya 1909, ile ya kurekodi bila kuomba, ndiyo iliyoufungulia wimbo milango, na kuifunga kungekuwa hasara kwa wote. Ila kulipwa na kuzuia ni mambo mawili tofauti. Green mwenyewe hakuwa na uwezo wa kumzuia Hawkins, na bado alilipwa.

Wasomaji wa Afrika Mashariki wanaujua mvutano huu kupitia "Malaika". Umeimbwa na Miriam Makeba, Boney M na Angélique Kidjo, na ugomvi wa miaka yote umekuwa kama mtunzi ni Fadhili William au Adam Salim. Watu hugombea kiti cha mtunzi kwa sababu hapo ndipo fedha zinapokaa. Kenya angalau iliunda chombo cha waigizaji na wapigaji, PRISK, cha kuwadaia malipo kazi zao zinapopigwa hadharani.

Marekani nako hali imegeuka kwa namna ya ajabu. Tangu 1 Januari 2026, melodi na maneno ya "Body and Soul" vimekuwa mali ya umma nchini humo, baada ya miaka 95. Rekodi ya Hawkins bado inalindwa hadi mwisho wa 2039, kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2018. Redio za intaneti na za setilaiti tayari zinagawa malipo ya rekodi kwa kiwango cha kisheria: asilimia 50 kwa mmiliki, 45 kwa msanii mkuu, 5 kwa wapigaji wengine, na hakuna anayehitaji kuombwa ruhusa. Mgawo wa aina hiyo umeshathibitika kufanya kazi. Muswada wa American Music Fairness Act, uliopelekwa Congress mwaka 2021, unataka redio za kawaida nazo zilipe, na vituo vinaupinga kwa kudai kwamba kupigwa redioni ni tangazo tosha kwa msanii. Ukiendelea kukwama hadi 2039 ipite, warithi wa Hawkins hawatakuwa wameonja hata senti moja ya redio hizo kwa rekodi hii.