Fahamu hulka ya kijana wako kabla ya kumlaumu

Wazazi wengi hulalamika kwamba watoto wao wakishabaleghe huanza kuikwepa ibada. Mmoja akifika kanisani au msikitini huketi nyuma kimya, ilhali ndugu yake huongoza vijana wenzake na kusifiwa na kila mtu. Je, yule wa kwanza amepotoka? La, hasha. Huenda wanatofautiana kwa hulka tu, wala si kwa imani.

Mwanasaikolojia Erik Erikson, katika kitabu alichokitoa mwaka wa 1950, alieleza kuwa kazi kubwa ya kijana katika umri huu ni kujitambua yeye ni nani. Ndiyo maana huuliza maswali mengi, hata kumhusu Mungu.

Utafiti kuhusu mapacha umeonyesha kwamba hulka hurithiwa kwa kiasi kikubwa. Aidha, watafiti wamegundua kuwa bidii na upole wa watoto wengi hupungua wanapoingia ujanani, kisha huongezeka tena wanapokaribia utu uzima. Kwa hivyo, mzazi, usikate tamaa mtoto wako mtiifu akianza ubishi.

Ufanye nini basi? Ikiwa kijana wako ni mkimya, usimlazimishe kuomba mbele ya umati. Mwache asali faraghani, au mpe kazi kama vile kuwatembelea wagonjwa. Aliye mchangamfu hujifunza vyema akiwa na wenzake, lakini pia ni rahisi kufuata kundi. Wajue marafiki zake. Mdadisi naye mjibu kwa utaratibu, kwani ukimkaripia atakuficha yaliyo moyoni. Mwenye wasiwasi usimtishe kwa moto wa jahanamu. Mfunze kwanza huruma ya Mungu.

Hata hivyo, usichanganye ukimya na ugonjwa. Aliyekuwa mkimya tangu utotoni ndivyo alivyo. Lakini aliyekuwa mchangamfu akijitenga ghafla, akose usingizi na hamu ya chakula, na aache mambo aliyoyapenda kwa wiki mbili au zaidi, huenda anaugua ugonjwa wa mfadhaiko. Usiseme amemwacha Mungu au ana pepo. Mpeleke kwa daktari au mshauri nasaha. Akitaja kujiua, usingoje hata siku moja. Maombi yaendelee, lakini yasichukue nafasi ya matibabu.