Pumzi Hutangulia, Mfupa Hufuata

Anayeanza kukimbia ni nadra kuumia wiki ya kwanza. Wiki ya kwanza anachoka tu: anatweta, mapaja yanamuuma akishuka ngazi, anaapa hatarudi, keshokutwa anarudi. Wanaotufikia sisi wa tiba ya viungo wakichechemea ni wa wiki ya nne au ya sita, na maelezo yao ni yaleyale: ndiyo kwanza mambo yalikuwa yameanza kunoga.

Ndivyo tulivyoumbwa. Moyo na damu hujirekebisha upesi. Katika wiki moja au mbili za mazoezi majimaji ya damu huongezeka, moyo husukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, na kimlima kilichokuwa kikikukata pumzi unakipanda huku ukipiga soga. Misuli nayo haichelewi sana. Kano, hasa ile nene inayoshika kigimbi na kisigino, hupata damu kidogo, hivyo huimarika taratibu. Mfupa una tabia ambayo wengi hawaijui: kabla ya kujijenga, hujibomoa. Ukiutwika mzigo mpya, seli maalumu humega sehemu zilizochoka ili seli nyingine zije kujaza mfupa mpya. Kumega huchukua wiki chache. Kujaza huchukua miezi. Hapo katikati mfupa unaweza kuwa dhaifu kuliko ulivyokuwa kabla hujanunua viatu, na ndipo pumzi nayo imefunguka, unajiona unaweza kufika Bagamoyo.

Mpango wa wanaoanza kukimbia uliotungwa na Mmarekani Josh Clark mwaka 1996, ambao leo unafuatwa nchi nyingi, unapita salama hapo kwa sababu ni mdogo. Ni wa wiki 9, mara 3 kwa wiki. Siku ya kwanza unatembea haraka dakika 5, kisha unakimbia sekunde 60 na kutembea sekunde 90, ukirudia hivyo kwa dakika 20. Wanaume hasa huzicheka hizo sekunde 60. Wacheke, ila wasiziongeze. Wiki ikiwa nzito, irudie. Wiki 9 zikigeuka 14 hujapoteza kitu. Mwenye presha, kisukari au maumivu ya kifua aanzie kwa daktari.

Kuhusu kasi, aliyepita shule ya msingi Tanzania anaijua, hata kama ameisahau. Mchakamchaka wa asubuhi ulikwenda kwa nyimbo: mmoja anaongoza, wengine wanaitikia, na anayetweta hawezi kuitikia. Kasi ya kuanzia ni hiyo. Ukishindwa kumalizia sentensi, punguza, ikibidi, tembea. Dar es Salaam ya Januari na Februari itakupunguza zaidi, maana hewa imejaa unyevu, jasho linadondoka badala ya kukauka na mwili haupoi. Toka alfajiri, achana na saa. Mwili huhitaji kama wiki mbili kuzoea joto. Na kikundi cha mtaani kikikualika kilomita 10 za Jumapili ukiwa wiki ya nne, nenda kawashangilie.

Viatu vya mtumba sina ugomvi navyo, mradi soli bado inabonyea kwa kidole gumba na kiatu hakijalalia upande mmoja. Nina ugomvi na mchanga mlaini wa ufukweni, ambao watu hudhani unaihurumia miguu. Kisigino kinazama, kano inavutwa kila hatua. Barabara ya vumbi iliyoshindiliwa inafaa zaidi.

Ukianza kuhisi maumivu mguuni chini ya goti, kaa, vua soksi, pitisha kidole gumba taratibu kwenye ukingo wa ndani wa muundi, kutoka kifundo kwenda juu. Uchungu ukitanda sehemu ndefu, upana wa kiganja au zaidi, mara nyingi ni mfupa na nyama zake vinalalamikia mzigo: punguza nusu, tembea zaidi. Ukishtuka kwa uchungu unapogusa mahali pamoja padogo pa kufunikwa na ncha ya kidole, au mguu ukiuma usiku umelala, acha kukimbia na umwone daktari siku hizohizo. Huenda ni ufa. Usitulizwe na eksirei safi, maana ufa mchanga mara nyingi hauonekani kwenye picha za wiki za mwanzo.

Kwa wanawake naongeza swali moja: hedhi ikoje? Anayekimbia huku akijinyima chakula ili apungue, kisha hedhi ikakatika, mifupa yake inakosa vya kujijengea. Hilo si la kungojea muundi uume.

Kurudi baada ya maumivu ya kawaida ya muundi si kazi ngumu, ni ya subira. Tembea dakika 30 bila maumivu, siku hiyo na asubuhi inayofuata, kwa siku kadhaa mfululizo. Kisha rudi kwenye mpango wiki mbili nyuma ya pale ulipoachia, hata kama pumzi inakuambia unaonewa.