Roboti Isemezwe kwa Lugha Gani?

Juma hili nimepokea barua ya mwalimu mmoja wa sekondari. Wanafunzi wake wanaunda roboti ya mashindano, nao wamegawanyika: wengine wanataka kuiandikia programu kwa Java, wengine kwa Python, na kijana mmoja hodari wa kidato cha nne hataki kusikia ila C++. Mwalimu anauliza, ipi bora?

Nami namwuliza: kijana huyo akishamaliza mtihani na kwenda zake, nani ataisoma kazi yake?

Tuchukue mashindano ya FIRST ya Marekani, yaliyoanza mwaka 1992. Huko lugha zote tatu zinakubaliwa. Python iliingizwa rasmi katika msimu wa 2024. Watetezi wa C++ husifu kasi yake, na ni kweli inayo. Lakini programu ya roboti hizo kwa kawaida hurudia mzunguko wake mara 50 kwa sekunde: husoma amri za dereva na vipimo, huziamuru mota, basi. Kwa kazi hiyo lugha zote tatu humaliza mapema zikakaa kusubiri. Kasi hapa ni sawa na gari la mashindano katika foleni ya Kariakoo.

Tofauti yenye uzito huonekana mtu anapokosea, na wanafunzi watakosea. Ukikosea herufi moja katika jina la mota, Java na C++ hukataa pale pale mezani. Python huipokea kazi yako kwa upole, kisha kosa hujitokeza siku mstari ule unapofikiwa, pengine katikati ya uwanja, na mchezo wenyewe ni wa dakika chache tu. C++ nayo humwachia mwandishi kusimamia kumbukumbu ya kompyuta; akigusa pasipomhusu, programu nzima huweza kuzimika, roboti ikasimama kama kinyago.

Kwa hiyo ningechagua Java, iwapo mwalimu anaijua. Kama anachokijua ni Python, basi Python, na kila mstari ujaribiwe kabla ya safari. Ila kwanza atazame kibao alichonacho. Arduino Uno R3 ina kilobaiti 2 tu za kumbukumbu ya kufanyia kazi. Python haienei humo, na C++ imeshinda bila ubishi.

Na yule kijana? Apewe wanafunzi wa kidato cha pili, jioni mbili kwa juma, awafundishe kabla hajaondoka.