Umefikisha Thate na Unataka Dredi? Soma Hii Kabla Hujakalia Kiti cha Fundi

Kuna swali moja huwa linanyima madem wengi usingizi kuanzia wakifika thate hivi. Sio la ndoa, wala plot. Ni hili: nifunge dredi ama niachane nayo?

Ukiwa na miaka kumi na tisa unafunga tu. Zikikukataa, unanyoa, maisha inasonga. Lakini ukiwa mtu mzima mambo hubadilika. Uko na job, uko na watoto, kwa chama wewe ndio mweka hazina, na mama mkwe anakuita kwa jina la mtoto wako wa kwanza. Kichwa chako kimekuwa mali ya umma, kila mtu yuko na maoni.

Mimi ni wa Merigi, Bomet East. Hili swali nimelibeba miaka mitatu. Nilianza kuweka dawa ya kulainisha nywele nikimaliza form four, halafu nikaingia kwa kusuka, lines leo, rasta za kuunganisha kesho. Nilipofika 34 nikaona pale juu ya masikio nywele zimerudi nyuma kama maji ya mto wakati wa kiangazi. Nikaambia mathee nafikiria dredi. Akaweka kikombe cha chai chini pole pole, akaniangalia, akasema, "Hizo ni za watu wa vita."

Hapo ndio nikajua nahitaji kufanya homework. Hii hapa ndio niliyopata.

Kwanza, mathee anaogopa nini?

Usimcheke. Kizazi chake kiliona mambo. Mungiki ilipigwa marufuku 2002, na kwa miaka mingi baada ya hapo, mtu akiwa na dredi alikuwa anasimamishwa na karao kabla hata hajaulizwa jina. Vijana wengi walinyoa si kwa kupenda, ni kuokoa ngozi. Mzazi akiona dredi, hiyo picha ndio hurudi.

Lakini kuna picha ya zamani kuliko hiyo. Dedan Kimathi aliposhikwa Oktoba 1956, alikuwa na nywele za msituni, zimejifunga zenyewe. Na kuna Muthoni wa Kirima, mwanamke pekee aliyefika cheo cha Field Marshal kwa Mau Mau. Huyo shosho aliweka dredi zake karibu miaka sabini. Aliziweka kama deni, akingoja uhuru utimize ile ahadi walipigania. Zilinyolewa Aprili 2022, na aliyeshika makasi ni Mama Ngina Kenyatta. Muthoni alituacha Septemba 2023.

Hata hapa kwetu si kitu kigeni. Shuka upande wa Mulot, uvuke kidogo uingie Narok. Majirani zetu Wamaasai, moran wao hufuga nywele ndefu za kusokotwa na kupakwa udongo mwekundu, na siku ya Eunoto mama mzazi ndiye humnyoa. Kwa hivyo nywele za kusokota hazikuletwa na ndege kutoka Jamaica. Kilichotoka Jamaica ni imani ya Rastafari, na hiyo ni story ingine.

Nilipompa mathee hii story ya Muthoni, hakusema kitu. Lakini alimaliza chai.

Dredi ni nini hasa?

Tuelewane hapa, juu wengi huingia wakidhani ni style. Dredi ni nywele zilizojifunga zenyewe na hazifunguki tena. Kila siku kichwa cha binadamu huangusha kati ya nywele 50 na 100. Ukichana, zinabaki kwa kitana. Ukiwa na dredi, hazina pa kwenda, zinabaki ndani zikishikana na zile hai. Ndio maana dredi hunenepa, na ndio maana ni uongo kusema mtu wa dredi "haoshi". Nywele chafu, zenye mafuta mengi, huteleza. Nywele safi ndizo hufunga haraka.

Njia za kuanza ziko kadhaa:

Kuna kusokota kwa kitana ama kwa vidole, unaanza na nywele fupi za sentimita tano hivi. Kuna kusuka twist za nyuzi mbili na kuziacha zifunge pole pole. Kuna sindano ya kroshia, ambapo fundi anavuta nywele ndani na unatoka saluni siku hiyo hiyo ukiwa na dredi tayari. Na kuna Sisterlocks, zile nyembamba kama uzi, zilizoanzishwa na JoAnne Cornwell huko California mwaka wa 1993. Hizo zinaweza kupita 400 kichwani, wakati dredi za kawaida mara nyingi hazifiki hata 150.

Kama uko na dawa kwa nywele, fundi mzuri atakuambia ukweli mchungu: nyoa kwanza ama ungoje mizizi ikue. Ile sehemu iliyolainishwa haifungi vizuri, na pale inapokutana na nywele asili ndipo hukatika. Nywele hukua karibu sentimita moja na robo kwa mwezi. Kwa hivyo ukinyoa leo, hesabu miezi minne hivi kabla ya kuanza.

Mwaka wa kwanza ni noma

Hii hawakuambii kwa picha za Insta. Mwaka wa kwanza dredi zinafura, zinasimama, zingine zinafunguka ukioga. Kukomaa huchukua mwaka ama mwaka na nusu. Nywele zinaonekana fupi kuliko zilivyokuwa, juu zinajikunja ndani. Ukipigiwa simu ya harusi mwezi wa tatu, utalia.

Kwa hivyo jiulize: mwaka unaokuja uko na nini? Ukiwa unatafuta job, ama ruracio iko karibu, pengine ngoja. Dredi haziharakishwi.

Hali ya hewa ya kwetu nayo?

Wengi wanaofundisha dredi mtandaoni wako mahali jua linawaka. Sisi huku kwa majani chai asubuhi ni baridi, mchana mvua, jioni ukungu. Dredi ni kama sponji, inashika maji ndani hata ukigusa nje ukaona imekauka. Ikilala na unyevu kila wiki, inaanza kunuka kama nguo iliyosahaulika kwa beseni. Hiyo ni kuvu, na ikiingia katikati ya dredi kuitoa ni kazi.

Kwa hivyo osha asubuhi, siku jua limetoka, sio jioni ukitoka shamba. Kamua kwa fulana ya pamba. Usifunge kitambaa kabla hazijakauka. Mara moja kwa wiki moja ama mbili inatosha. Ukichuma chai, funika kichwa, juu mvua na umande vitakupata tu. Ukipika kwa kuni, funika pia, moshi huingia na haitoki na kuosha mara moja. Na hizo leso na kofia za uzi huacha vumbi la nyuzi ndani ya dredi, na hilo halitoki kabisa. Tafuta kitambaa laini kinachoteleza, kama satini.

Nta nayo achana nayo. Inashika kila uchafu na maji hayaipiti.

Doo je?

Watu husema dredi ni za bei rahisi. Inategemea. Chukua kalamu. Tuseme fundi wako anaitisha soo kumi, yaani 1,000, kila akishika mizizi upya, na unaenda kila wiki sita. Hiyo ni kama mara tisa kwa mwaka, 9,000. Kama unatoka Merigi kwenda Bomet taoni ama Kericho, ongeza fare mara tisa. Sasa weka kando ya hesabu ya kusuka: bei ya rasta, bei ya msusi, mara ngapi kwa mwaka. Tumia bei za fundi wako, sio zangu. Wengine wataona wanaokoa, wengine wataona ni ile ile.

Lakini usirudi kwa fundi kila wiki mbili ndio uonekane smart. Kuvutwa mizizi kila saa ndio huua nywele za mbele. Ukitoka saluni na lazima umeze dawa ya maumivu ndio ulale, fundi amekuumiza. Vipele kwa mstari wa nywele ni onyo. Ukishika mapema nywele hurudi, ukipuuza miaka, mizizi hufa na hairudi.

Hii ilinigusa mimi, juu nilikuwa nakimbia kusuka nikidhani dredi ni salama moja kwa moja. Sio dredi, sio rasta. Shida ni kuvuta.

Na dawa ya kulainisha? Oktoba 2022, watafiti wa afya Marekani walitoa matokeo ya kufuata wanawake 33,497 kwa karibu miaka kumi na moja. Waliotumia dawa za kunyoosha nywele zaidi ya mara nne kwa mwaka walikuwa na hatari ya saratani ya mfuko wa uzazi zaidi ya mara mbili ya wale hawakutumia. Saratani hiyo bado si ya kawaida sana, na utafiti wa aina hiyo unaonyesha vitu vinavyotembea pamoja, hauthibitishi kimoja kimeleta kingine. Lakini mimi hiyo ilinitosha kuweka kopo chini.

Kazini na sheria

Septemba 2019, Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu aliamua kesi ya msichana aliyerudishwa nyumbani na shule Nairobi juu ya dredi. Akasema shule ilivunja haki zake, juu nywele zake zilikuwa sehemu ya imani yake ya Rastafari.

Soma vizuri hapo. Aliyeshinda alisimama kwa dini. Kama zako ni za kupenda tu, hiyo kesi haikubebi mpaka mwisho. Kipengele cha 27 cha Katiba kinakataza ubaguzi kwa misingi mingi, pamoja na utamaduni na mavazi. Lakini Sheria ya Ajira ya 2007, kwa orodha yake ya ubaguzi kazini, haitaji nywele. Kwa ground, bosi anaweza asiseme kitu na bado usiitwe intaviu ya pili. Kwa hivyo kabla ya kufunga, soma mkataba wako na sheria za kazi, halafu angalia: kuna mwanamke yeyote hapo amefunga, na amepandishwa cheo? Hilo jibu ni muhimu kuliko maneno ya HR.

Kanisani na nyumbani

Kwetu Jumapili ni Jumapili. Kuna makanisa hayana shida, kuna mengine ukifunga utaambiwa upumzike kuimba kwaya. Mtu akikuletea Biblia, na wewe uko nayo: Samsoni alikuwa na vishungi saba, soma Waamuzi 16. Lakini ushauri wangu, usiende kushindana. Kama kanisa ndilo watu wako, ndio walikuja matanga ya babako na ndio watakuja yako, ongea na mchungaji ama mama wa kanisa mapema. Akikataa, angalau unajua unachochagua.

Mzee wa nyumba naye umwambie, usimuombe ruhusa kama mtoto. Tofauti iko. Kumwambia ni heshima, juu mnalala mto mmoja.

Ukichoka je?

Kutoka ni njia mbili. Unanyoa, ama unakaa siku kadhaa na mafuta na kitana ukifungua moja moja, na utapoteza urefu mwingi. Usiingie ukidhani kuna mlango wa nyuma.

Kwa hivyo, ufunge?

Jaribu hivi. Suka twist za nyuzi mbili kwa nywele zako mwenyewe, bila kuongeza kitu, ukae nazo miezi mitatu. Nenda nazo job, kanisani, ocha. Jiangalie kwa kioo asubuhi zikiwa zimefura. Kama bado unajipenda hizo siku mbaya, uko tayari. Kama kila asubuhi unatafuta kofia, bado.

Na ujiulize kama unafunga juu unataka, ama unakimbia kitu. Mimi niligundua nilikuwa nakimbia kioo, nikificha pale mbele palipobaki wazi. Dredi zinaongeza uzito, na mizizi dhaifu ikibebeshwa uzito inaisha kabisa. Kwa hivyo nilinyoa zote kwanza. Nikangoja miezi saba mpaka nikaona vinywele vidogo vimerudi juu ya masikio, halafu ndio nikaanza twist.

Desemba nikashuka Merigi nazo. Mathee aliniangalia kutoka kwa mlango, hakusema za watu wa vita. Jioni tukiwa jikoni alinyoosha mkono akashika moja, akaivuta kidogo kama mtu anapima kamba.

"Hizi unaoshanga na nini?" akauliza.

Nikamwambia sabuni ya kawaida, asubuhi, jua likitoka.

"Basi usilale nazo na maji," akasema, akarudi kwa sufuria yake.