Elimu ya uraia ni mtaji wa mkulima wa korosho

MKULIMA wa Masasi au Newala akiulizwa pembejeo anazohitaji, atataja salfa, bomba la kupulizia na fedha ya vibarua wa palizi. Ni nadra kumsikia akitaja elimu ya uraia. Wengi huiona kuwa shughuli ya wanasiasa na asasi za mjini, isiyoongeza hata kilo moja ya korosho ghalani.

Ukweli ni kwamba zao hili huuzwa kwa mikutano na kura. Tangu msimu wa 2007/08, mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza kutumika kwenye korosho kufuatia Sheria ya Stakabadhi za Maghala ya mwaka 2005, mkulima hupeleka mzigo wake kwenye chama cha msingi. Mzigo huenda ghala kuu, kisha mnadani chini ya chama kikuu, yaani MAMCU kwa upande wa Masasi na TANECU kwa Newala na Tandahimba. Kati ya bei ya mnada na fedha inayomfikia mkulima yapo makato: usafirishaji, ghala, ushuru wa halmashauri na gharama za chama. Asiyejua haki yake mkutanoni hawezi kuyahoji.

Hesabu iko wazi

Tuchukue mfano wa chama kinachokusanya tani 500 kwa msimu. Ikiwa shilingi 20 kwa kila kilo zimekatwa bila maelezo, mkulima mwenye kilo 800 amepoteza Sh16,000. Kwake si fedha ya kumfanya apande gari kwenda wilayani kudai. Lakini kwa chama kizima ni Sh milioni 10. Hasara ya mmoja ni ndogo mno kumsukuma adai, wakati hasara ya wote ni kubwa vya kutosha kumshawishi asiye mwaminifu. Dawa yake ni wanachama kuuliza kwa pamoja, mahali panapotambuliwa na sheria.

Wasipofanya hivyo, hasira hutafuta njia nyingine. Aprili 2013, wilayani Liwale katika mkoa jirani wa Lindi, malalamiko ya malipo ya korosho yaliishia kwenye uchomaji wa nyumba za viongozi. Nyumba zikaungua, na majivu hayakumlipa mkulima deni lake.

Sheria inampa nini mwanakijiji?

Kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Namba 7 ya mwaka 1982, mkutano mkuu wa kijiji unawahusu wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi. Mkutano huo hukutana kila baada ya miezi mitatu. Halmashauri ya kijiji ina wajumbe wasiopungua 15 na wasiozidi 25, nao huwajibika kwa mkutano huo. Aidha, Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 inaufanya mkutano mkuu wa wanachama kuwa chombo cha juu cha ushirika.

Haki hizi haziishii kwenye sanduku la kura. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa mwaka 2019 vyama vikuu vya upinzani vilijitoa, na wagombea wengi wa CCM wakapita bila kupingwa. Uchaguzi uliofuata ulifanyika Novemba 27, 2024. Mwananchi anayesubiri miaka mitano, kisha akute jina moja kwenye karatasi, hana budi kuuthamini zaidi mkutano wa kila robo mwaka.

Hata masuala makubwa ya zao huanzia kwenye kujua. Sheria ya Tasnia ya Korosho ya mwaka 2009 ilielekeza asilimia 65 ya ushuru wa korosho ghafi zinazouzwa nje irudi kuendeleza zao. Mwaka 2018 utaratibu huo ulibadilishwa, fedha zikaelekezwa Mfuko Mkuu wa Serikali, na mjadala mkali ukazuka bungeni. Mkulima aliyeijua asilimia hiyo alikuwa na la kumuuliza mbunge wake.

Nani agharamie?

Kusini si wageni wa miradi shirikishi. Mradi wa RIPS uliofadhiliwa na Finland katika mikoa ya Lindi na Mtwara kuanzia mwaka 1988 hadi 2005 ulisaidia kueneza utaratibu wa wanakijiji kuchora ramani zao, kupanga vipaumbele na kusema mbele ya mtaalamu. Kuanzia mwaka 2003, Foundation for Civil Society ya Dar es Salaam ilianza kutoa ruzuku kwa asasi za wilayani, zikiwemo za elimu ya uraia na ufuatiliaji wa matumizi ya fedha za umma.

Hata hivyo, fedha ya mfadhili ina mwisho. Mwaka 2025 Marekani ilifunga shirika lake la misaada, USAID, na asasi nyingi nchini zilitikiswa. Semina iliyokuwa ikiendeshwa kwa posho husimama posho inapokwisha.

Kwa hiyo kikundi kinachoomba ruzuku kijiulize kwanza: mradi ukiisha, nini kitabaki kijijini? Fulana huchakaa. Kinachobaki ni ubao wa matangazo unaobandikwa mapato na matumizi kila robo mwaka, wanakijiji wachache wanaoweza kusoma taarifa hiyo na kuieleza kwa wenzao, na mazoea ya kuuliza.

Mfadhili yeyote makini atataka usajili, katiba ya kikundi, akaunti ya benki na vitabu vya hesabu vilivyo safi. Kikundi kisichoweza kuonyesha stakabadhi zake hakina ubavu wa kudai za halmashauri. Pia, asasi inayotaka kutoa elimu ya mpiga kura ipate kwanza kibali cha Tume ya Uchaguzi.

Ratiba nayo ni sehemu ya bajeti. Mafunzo yakipangwa Oktoba au Novemba, watu wako chini ya mikorosho wakiokota. Yakipangwa Juni, wako kwenye kupuliza. Tena Newala ni juu ya uwanda, maji yanasukumwa kutoka mabondeni, na katika vijiji vingi kuteka maji ni kazi ya mwanamke. Mkutano wa asubuhi utawapata wanaume, kisha taarifa iandikwe kwamba wanawake hawakushiriki.

Shilingi moja kwa kilo

Njia ya kudumu zaidi ni wakulima kujigharamia wenyewe. Chama cha tani 500 kikitenga shilingi moja kwa kilo kitapata Sh500,000 kwa msimu. Fedha hiyo yatosha kuchapa sheria ndogo na taarifa za makato kwa Kiswahili chepesi, na kumlipa mkaguzi au mwalimu wa ushirika nauli ya kufika kijijini. Mwenye kilo 800 atakuwa amechangia Sh800. Ilinganishe na zile Sh16,000 za mfano wetu.

Wapo watakaosema mkulima amechoshwa na makato, nao wana hoja. Ndiyo maana shilingi hiyo isikatwe kwa agizo la kiongozi. Ijadiliwe na kupigiwa kura na wanachama, iwekwe kwenye mstari wake katika taarifa, na isomwe mwisho wa msimu. Wakiikataa, hiyo nayo ni haki yao.

Kabla ya mnada wa kwanza wa msimu ujao, mwanachama na aombe mambo matatu kwenye chama chake: orodha ya makato yote, tarehe ya mkutano mkuu na taarifa ya mapato na matumizi ya msimu uliopita. Akinyimwa, aende na wenzake kumi kwa ofisa ushirika wa wilaya. Watu kumi ni vigumu kuwaambia warudi kesho.